Kuimba bila sare

Ukipita Majengo, Pasua au Kiboriloni jioni utasikia kwaya kabla hujaliona kanisa. Moshi haina upungufu wa waimbaji. Kilichopungua ni mahali pa kuimbia mtu asiye na sauti ya kurekodiwa, asiye na hela ya sare, na asiyetaka kupigwa faini kwa kuchelewa mazoezi. Kwaya huimba ili isikilizwe. Kikundi kinachozungumzwa hapa huimba ili waliomo wapumue vizuri na wajuane, na tofauti hiyo inagusa karibu kila kitu, hata namna ya kupanga viti.

Kazi yenyewe ni pumzi. Mtu mwenye wasiwasi hupumua juu juu, kifuani, haraka haraka. Wimbo humfanya avute upesi na kutoa polepole, na huko kutoa polepole ndiko kunakoupunguzia moyo mwendo, kupitia neva ndefu inayotoka kwenye ubongo na kushuka hadi kifuani na tumboni. Mwaka 2013 watafiti wa Gothenburg, Uswidi, waliwapima vijana wa miaka 18 wakiimba pamoja, wakaona mwendo wa mioyo yao ukipanda na kushuka kwa pamoja. Hapakuwa na muujiza: wimbo uliwapangia wote mahali pa kuvuta pumzi.

Kwa hiyo wimbo upimwe urefu wa mistari kabla ya utamu. Mwendo wa wimbo wa mapigo 60 kwa dakika, mstari wa mapigo 8, mapigo 2 ya kuvuta hewa: hizo ni pumzi 6 kwa dakika, na hata bibi wa miaka 70 anaziweza. Mstari wa mapigo 16 utawaacha wazee wanahema. Wakishahema wataiba pumzi katikati ya neno, kila mmoja pake, na umoja wote umekwisha.

Watu 8 hadi 15 wanatosha. Wakipungua hapo, mwenye aibu anajisikia mwenyewe mno. Wakizidi, mtaanza kutafuta sauti za soprano, alto, teno na besi, kisha mwalimu, kisha kitambaa cha sare. Viti viwekwe duara, asikae mtu nyuma ya mtu. Siku nzuri ni Jumanne saa 11 jioni. Jumamosi ya Moshi ni ya misiba na harusi, na hakuna mazoezi yaliyowahi kuushinda msiba.

Dakika 10 za kwanza ni za kupasha sauti. Tikiseni mabega, pigeni miayo ya makusudi. Vuta pumzi kwa hesabu ya 4, itoe kwa "sss" hadi 8, raundi inayofuata hadi 12. Mabega yakipanda, hewa imeishia kifuani. Mtu aweke kiganja juu ya kitovu na tumbo likisukume. Anayepata kizunguzungu amevuta nyingi kwa haraka, akae na apumue kawaida. Mwenye presha asiizuie pumzi hata kidogo. Kisha tetemesheni midomo, "brrr", kama mtoto anayesukuma gari la makopo, halafu "mmm" kutoka soh, noti ya tano ya ngazi, kushuka hadi doh, noti ya kwanza. Kushuka, si kupanda: anayepanda na koo baridi hukaza shingo.

Kosa linaloua vikundi vingi ni kuanzisha wimbo juu. Kiongozi mwenye sauti nyembamba huanzisha panapomfaa yeye, na kufika ubeti wa pili nusu ya watu wanapiga kelele na nusu wamenyamaza. Kama kuna kinanda, au programu ya kinanda kwenye simu, wekeni doh kwenye noti ya D na mchague wimbo usiozidi lah, noti ya sita. Wanaume wataushika chini yake bila kuambiwa. Bila kinanda, kila mtu ashushe "mmm" mpaka chini kabisa panapomstahimili, kisha anzisheni hatua tatu au nne juu ya hapo. Tazameni videvu: vikianza kuinuka, shusheni.

Atakuja tu yule anayesema "mimi sina sauti". Mara nyingi anaimba noti moja toka mwanzo hadi mwisho, naye anajua, maana aliambiwa anyamaze tangu darasa la tatu. Msimvute aje mlipo. Aimbe "uuu" kwenye noti yoyote aliyoipata na kuishikilia, ninyi mtelezeshe sauti mpaka mtue juu yake. Sauti zikikutana anahisi mtetemo kifuani, uso unabadilika. Hapo songeni wote hatua moja juu, polepole, naye ndani. Huenda ikachukua wiki kadhaa. Mkalisheni kati ya watu wawili wenye sauti thabiti, mpeni kiitikio cha noti mbili, wala msimpongeze kupita kiasi, anajua mnamhurumia.

Nyimbo za ibada ziacheni kanisani na msikitini, la sivyo kuna jirani atakayeona hapamhusu. Za kuvuna, za kubembeleza mtoto na za harusi zipo tele. Bora zaidi ni kutunga papo hapo kwa mambo ya siku hiyo. Mmoja anatupa mstari, wengine wanajibu:

Mvua imekuja, nguo ziko nje!
Anua, mama, anua!

Sikilizeni makofi yanapoangukia: a-NU-a, MA-ma, a-NU-a. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, na kofi likiangukia kwingine ulimi unajikwaa. Ndiyo maana baadhi ya nyimbo zilizotafsiriwa juu ya tuni za Ulaya huchosha: maneno ni yetu, mkazo ni wa wengine. Atakayeimba "barabara" akikaza ra ya kwanza amekwisha kusema jambo jingine kabisa. Mstari ukigoma, badilisheni neno, msilipinde.

Kuna asiyetaka kuimba kabisa, naye asiachwe. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford uliochapishwa mwaka 2015 ulifuatilia madarasa ya kuimba, ya kazi za mikono na ya uandishi kwa miezi 7. Walioimba walizoeana upesi zaidi, lakini mwishoni wote walikuwa wamekaribiana sawasawa. Basi mwenye shanga au ukili aje nao, akae ndani ya duara na afanye kazi yake. Wengi wa namna hiyo huanza kuitikia bila kujitambua. Aliyeandikiwa dawa za sonona aendelee nazo; wimbo haukai mahali pa dawa.

Madirisha yawe wazi, hata Julai baridi inaposhuka mlimani, kwa sababu kuimba hutoa matone mengi ya mate hewani kuliko kuongea. Mwenye kikohozi cha wiki 2 au zaidi akapimwe kifua kikuu kwanza. Vipimo na dawa ni bure. Maji ya uvuguvugu yawepo, hasa siku za vumbi. Sauti iliyokauka ipumzishwe, na ikipita wiki 3 haijarudi, mtu amwone daktari wa masikio, pua na koo.

Kuimba kuchukue dakika 45 hivi, na chai ya tangawizi dakika 20. Msiikate chai kwa kubana muda, maana hapo ndipo watu wanapoulizana hali. Mchango uwe wa majani na sukari tu, kwenye kopo lenye kifuniko, asijue mtu nani ametia ngapi. Asiyeonekana mara mbili apigiwe simu ya salamu, na neno mchango lisitajwe. Siku atakapotokea mwenye wazo la kwenda studio, mwacheni aende na walio tayari, ila Jumanne isiguswe.

Masika, Machi hadi Mei, mvua itagonga bati mpaka msisikie hata kofi. Msishindane nayo kwa kupaza. Sogezeni viti magoti yakaribiane, acheni maneno, shikeni "mmm" kwenye doh mpaka ipungue, kisha aliyekuwa anaongoza aendelee pale alipoachia.