Waya uliochubuka bado unawasha taa

Daktari wa kwanza aliniambia mayelini, utando unaozunguka neva, ni kama plastiki inayofunika waya, na kwamba yangu imeharibika. Nilikuwa nimelala chali, miguu haisogei, mikono inashika kikombe kwa shida, lakini maneno yale hayakuniingia. Nina miaka 19 kwenye kazi ya umeme. Waya ukichubuka, umeme haukatiki. Unaweza kukurusha, unaweza kupiga shoti ukigusana na mwenzake, lakini shaba ikiwa nzima moto unapita na taa inawaka. Sasa mbona miguu yangu ilikuwa imezimika?

Swali hilo nililala nalo na kuamka nalo wiki zote 6 nilizolazwa. Naliandikia leo kwa sababu karibu kila ninaposoma habari za mayelini nakutana na plastiki ileile.

Ilianza na mafua makali, yakaisha. Siku kama 10 baadaye vidole vya miguu vikafa ganzi, pande zote mbili kwa pamoja. Kesho yake nikiwa juu ya ngazi magoti yakalegea, nikashuka kwa kujiburura. Siku ya tatu koleo lilinidondoka mara mbili, na jioni nikashindwa kufunga vifungo vya shati. Udhaifu ulikuwa unapanda kutoka chini, kama maji yanavyopanda kwenye pipa. Hospitalini walinigonga chini ya magoti kwa kinyundo cha mpira, mguu haukuruka. Wakagonga juu ya visigino, wakagonga viwiko: kimya. Wakachukua majimaji ya uti wa mgongo: protini imepanda, seli ni za kawaida. Hali hiyohiyo ndiyo waliyoieleza madaktari Guillain, Barré na Strohl mwaka 1916 kwa wanajeshi 2 wa Ufaransa, na ugonjwa ukabaki na majina ya wawili wa kwanza.

Miguu sicho kilichonitisha zaidi. Kila baada ya saa chache muuguzi alinipa kifaa nipulize, kisha akaniambia nivute pumzi moja nihesabu kwa sauti mpaka iishe. Usiku mmoja nilifika 11 tu. Misuli ya kupumulia nayo hupokea amri kwa neva. Mke wangu alikuwa akihesabu pamoja nami bila sauti, midomo inacheza, na niliponyamaza naye akanyamaza.

Aliyenijibu swali langu ni daktari kijana wa mishipa ya fahamu. Alivuta kiti, akakaa. "Fundi, nani kakwambia neva ni waya wa shaba?" Akageuza karatasi ya vipimo, akaanza kuchora nyuma yake.

Seli ya neva ina mwili mdogo na mkia mrefu uitwao aksoni. Aksoni inayopeleka amri kwenye misuli ya wayo huanzia kwenye uti wa mgongo. Inakaribia urefu wa mita 1, na unene wake ni wa kupimwa kwa mikrometa, yaani sehemu ya elfu ya milimita. Ndani hakuna shaba. Kuna maji ya chumvi, yamezungukwa na utando mwembamba mno, na nje ya utando ni maji ya chumvi tena. Chukua mpira wa kumwagilia maji uliotoboka kila mahali: ukifungua bomba huku, kule hakifiki kitu. Umeme ndani ya aksoni huvuja vivyo hivyo na kufifia kabla ya kufika mbali. Hesabu za kuvuja huko zimetokana na zile alizozifanya mwanafizikia William Thomson katika miaka ya 1850 kwa ajili ya nyaya za telegrafu za chini ya bahari. Nilifurahi sana kulijua hilo. Ni watu wa kazi yangu.

Kwa hiyo ishara lazima isukumwe upya njiani. Utando una vijilango vya sodiamu, chembe zilizomo kwenye chumvi. Umeme kidogo ukivifikia vinafunguka, sodiamu inaingia kwa kasi, ishara inazaliwa tena na nguvu zake zote. Neva isiyo na mayelini hufanya hivyo mahali baada ya mahali bila kuruka hata sehemu moja, na huenda kama mita 1 kwa sekunde. Yenye mayelini nene hufikia hata mita 120. Ngisi, ambaye hana mayelini, hutafuta kasi kwa kunenepesha aksoni hadi karibu milimita 1. Sisi tungefanya hivyo, uti wa mgongo usingepita kwenye mlango.

Mayelini yenyewe ni utando wa seli nyingine, sehemu kubwa mafuta, uliojiviringisha tabaka juu ya tabaka kuizunguka aksoni. Huzuia kuvuja. Pia, na hapa mafundi wenzangu watanielewa, aksoni na maji ya nje ni kama bamba mbili za kapasita, kile kifaa kinachotunza chaji. Mayelini inazitenganisha, chaji kidogo inatosha, ishara inawahi mbele. Kila baada ya milimita 1 au pungufu mayelini inakatika na kuacha uwazi mdogo, kifundo cha Ranvier. Vijilango vimesongamana hapo. Chini ya mayelini karibu havipo. Ishara huruka kutoka kifundo hadi kifundo.

Sasa bandua mayelini. Umeme unavujia pembeni, unaishia kuchaji utando mtupu usio na vijilango, na kifundo kinachofuata hakipati cha kukiamsha. Ishara inafia hapo. Misuli ni mizima, aksoni ni nzima, ubongo umeamuru, na mguu haujapata habari. Daktari alipoweka kalamu chini nililia, kwa sababu siku zote zile nilidhani miguu imekufa.

Walipima neva zangu kwa kuzipiga umeme mdogo gotini na karibu na wayo. Mguuni kasi ilikuwa mita 28 kwa sekunde. Kawaida hupita 40. Kinga ya mwili wangu, baada ya kupigana na mafua, iligeukia neva. Kwa siku 5 niliwekewa kwenye mshipa kingamwili zilizokusanywa kutoka damu ya maelfu ya wachangiaji. Watu wale siwajui, na nawashukuru.

Kwenye chumba cha mazoezi nilizoeana na dada mmoja mwenye maltipo sklerosisi, ugonjwa ambao daktari Mfaransa Charcot aliueleza vizuri mwaka 1868. Mayelini yake inashambuliwa ndani ya ubongo na uti wa mgongo. Huko hutengenezwa na seli nyingine, oligodendrosaiti, na moja inaweza kuhudumia vipande hadi 50 vya aksoni. Ikifa hasara inasambaa. Utafiti wa mwaka 2022 kwa wanajeshi wa Marekani ulionyesha kwamba hatari ya ugonjwa huo hupanda mara 32 baada ya kuambukizwa virusi vya Epstein-Barr, virusi ambavyo wengi wetu tunavyo bila kuugua hivyo. Aliniambia kinachomuumiza zaidi ni kuitwa mwongo. Asubuhi anatembea, akioga maji ya moto macho yanaingia ukungu na miguu inamlemea, akipoa anarudi. Daktari wa macho Uhthoff aliliona jambo hilo mwaka 1890. Joto hufanya vijilango vifunge mapema, umeme unaozaliwa unapungua, na neva iliyobanduka, ambayo ilikuwa ikivusha ishara kwa shida, inashindwa. Mwenye mgonjwa wa aina hii nyumbani, tafadhali mwamini.

Seli zinazotengeneza mayelini ya miguuni, seli za Schwann, zina uwezo mkubwa wa kuiviringisha upya. Mayelini mpya huwa nyembamba na vipande vyake vifupi, ila ishara inapita. Wiki ya 5 nilisimama nikishika kitanda. Mwezi wa 4 nilifunga vifungo vyote vya shati peke yangu. Baada ya mwaka kasi ya mguu ilisoma 41, na kinyundo kilipogusa goti la kulia mguu uliruka, mke wangu akashika mdomo kwa mikono miwili.

Juu ya visigino bado kimya, kulia na kushoto. Daktari atagonga tena baada ya miezi 3.