Siku moja maishani mwangu: natengeneza tovuti, sitengenezi printa

Majirani zangu wa Kimara, Dar es Salaam, wanajua kwamba ninafanya kazi "za kompyuta", na kwa sababu hiyo huniletea simu zilizoingia maji, printa zilizogoma na hata ving'amuzi vilivyopoteza chaneli. Kazi inayonilipa ni nyingine kabisa: natengeneza tovuti za biashara ndogo na za kati, kisha nawasaidia wenye biashara hizo kujitangaza mtandaoni. Nimeona niiandike siku yangu ya Jumanne iliyopita, kwa kuwa hata baadhi ya wateja wangu hudhani kazi hii ni ya kuchagua rangi na kubofya.

Saa 11 na nusu alfajiri, kabla sijapiga mswaki, nilipitia tovuti zote ninazozitunza kuona kama ziko hewani, kama nakala za akiba za usiku zimehifadhiwa na kama vyeti vya usalama, vinavyokithibitishia kivinjari kwamba tovuti ni salama, havijaisha muda. Vingi kati ya vyeti hivyo ni vya bure vya shirika la Let's Encrypt, ambavyo hudumu siku 90 na kwa kawaida hujihuisha vyenyewe; lakini kikikwama kimoja tu, kivinjari humwekea mgeni onyo la kutisha, naye hufunga ukurasa na kwenda kununua kwingine. Asubuhi hiyo vyote vilikuwa salama, jambo ambalo hakuna mteja atakayelijua wala kulilipia.

Kuanzia saa 2 hadi saa 4 na nusu nilikuwa ofisini Kijitonyama, nikarekebisha ukurasa wa malipo wa duka la vipodozi, nikafuta maoni ya matapeli kwenye tovuti ya shule na kujibu barua pepe.

Saa 5 ilinikuta kwenye mwendokasi kutoka Morocco kuelekea Kariakoo, nikiwa nimesimama na kompyuta imebanwa kifuani, kisha bodaboda ikanifikisha Keko, kwenye karakana ya mzee mmoja anayetengeneza samani. Mzee huyu ni fundi hasa. Makabati yake ya mninga hufungwa bila kelele, na droo zake huteleza kama zimepakwa siagi. Miaka michache iliyopita alitengenezewa tovuti na mtu mwingine, na sasa ameniita niifufue.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu, karibu. Tovuti yetu ni nzuri sana, ila haiuzi."

Kwa maoni yake, dawa ilikuwa kuongeza vitu. Alitaka picha zinazopishana ziwe nyingi zaidi, video ya karakana ianze yenyewe mtu anapofungua, nembo iwe kubwa mara mbili, na maandishi yawe yanatembea kama aliyoyaona kwenye tovuti ya hoteli moja ya Dubai. Nilimsikiliza hadi mwisho, kwa sababu nimejifunza kwamba mwenye mali hakatizwi. Alipomaliza, nilimwomba kijana aliyekuwa akipiga msasa pale nje afungue tovuti hiyo kwenye simu yake mwenyewe, kwa bando lake mwenyewe.

Simu ilikuwa ya kawaida, kioo kimepasuka pembeni. Ukurasa ulibaki mweupe. Baadaye picha ya kwanza ikaanza kuteremka kipande kwa kipande: bati la karakana, ukuta, kisha mgongo wa sofa. Kabla miguu ya sofa haijatokea, ikaanza kuingia picha ya pili. Picha zile zilikuwa sita, zimewekwa kama zilivyotoka kwenye kamera, kila moja ikiwa na takriban megabaiti 5, na Google yenyewe huhesabu kuwa ukurasa ni mzuri ikiwa sehemu kubwa zaidi inayoonekana imejitokeza ndani ya sekunde 2.5. Mzee alisema mtandao wa leo ni mbovu. Kijana akasema, kwa sauti ya chini, "Dada, bando langu linaisha."

Nikamwomba abofye kitufe cha WhatsApp kabla halijaisha. Hakikufanya kazi. Kiungo cha WhatsApp kinadai namba ianze na 255, bila alama ya kujumlisha na bila ile sifuri ya mbele, lakini hapa namba ilikuwa imeandikwa kwa sifuri, kama inavyoandikwa kwenye kibao cha dukani. Kwa hiyo mtu aliyevumilia picha zote sita, akapenda kabati na kutaka kuuliza, aligonga ukuta mlangoni. Mzee alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba ndiyo maana ameanza kulipia matangazo ya Instagram.

Hapo ndipo mazungumzo yalipokuwa marefu kweli. Alinionyesha tangazo lake, limependwa na watu wengi mno, naye alijivunia hilo. Nilipofungua takwimu nikakuta kwamba alikuwa amechagua Tanzania nzima, na sehemu kubwa ya waliopenda walikuwa Mwanza, Mbeya na Kigoma, wakati yeye hana usafirishaji wa kuvuka Kibaha, na kabati la milango mitatu halipakiwi kwenye basi la mkoani kama kifurushi cha dagaa. Mitambo hiyo ya matangazo inaruhusu mtu achague eneo na umbali kulizunguka. Angeweza kulipia wakazi wa Dar es Salaam peke yao, na badala ya kuwapeleka kwenye ukurasa wa mwanzo, awapeleke moja kwa moja kwenye ukurasa wa bidhaa waliyoiona. Kumlipia mtu nauli ya kuja dukani kisha akakuta mlango umefungwa ni hasara, na biashara nyingi za mjini hapa zinafanya hivyo kila mwezi huku zikihesabu idadi ya waliopenda.

Kuhusu bei hakutaka kusikia. Tangazo lilisema "bei njoo inbox", na alitaka tovuti nayo iseme hivyo hivyo, kwa hoja kwamba washindani wataona.

"Mzee wangu, washindani wako wako mtaa huu huu. Bei yako wanaijua tangu jana. Asiyeijua ni mteja."

Alicheka, lakini hakukubali. Akaleta wazo jingine, kwamba kila anayetaka kuona bei ajaze kwanza jina, namba ya simu na namba ya NIDA, ili karakana iwe inamtumia meseji. Nikalazimika kumweleza kwamba tangu 2023 inatumika Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ambayo inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa lengo halali analolijua na kwa kiasi kinachohitajika tu, na kwamba kuuza kitanda hakuhitaji kitambulisho cha taifa. Hili la NIDA aliliacha. La bei tuliliacha njia panda: nilipendekeza aweke "kuanzia", akasema atalifikiria. Alipotaka nimhakikishie kwamba ifikapo Ijumaa atakuwa wa kwanza Google, nilimwambia ukweli: nafasi ya juu katika matokeo ya kawaida hainunuliwi, inachukua wiki na miezi, na anayeahidi siku tatu anauza maneno. Nilitoka pale nimechoka kuliko fundi wa msasa.

Chakula cha mchana kililiwa saa 9, wali maharage, nikiwa kwenye simu na mteja mwingine aliyelalamikia ada ya mwaka ya seva ya hapa nchini, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti yake, akisema za nje ya nchi ni za bei nafuu zaidi. Nilimkumbusha tarehe 12 Mei 2024, mikongo ya EASSy na SEACOM, nyaya za intaneti zinazopita chini ya bahari, ilipokatika na tovuti zilizohifadhiwa nje zikafunguka kwa taabu. Alisema atalipa wiki ijayo. Husema hivyo kila mwaka.

Alasiri yote niliimalizia kwenye picha za samani. Nilizipunguza upana, nikazigeuza kuwa za WebP, aina ya faili nyepesi ya picha, kila moja ikabaki chini ya kilobaiti 150, na mishipa ya mninga bado ilionekana wazi. Kazi hii haina mbwembwe, ila ukiniuliza ninachojivunia, nitakuonyesha hiyo kabla ya rangi yoyote. Kisha nikaandika upya vichwa vya kurasa: ule wa mwanzo ulikuwa na neno "Karibu" peke yake, wakati anayetafuta Google huandika "makabati ya nguo ya kisasa" au "vitanda vya mbao", kwa Kiswahili hicho hicho. Nikaanza pia kumwandalia mzee wasifu wa biashara kwenye Google, ambao ni bure, ili karakana ionekane kwenye ramani badala ya mteja kuelekezwa "ukifika Keko uliza". Umeme ulikatika katikati ya hayo, betri ikanivusha kwa muda, nikamalizia nyumbani macho yakiwaka, saa ngapi sikumbuki.

Nilikuwa nakaribia kulala mzee aliponitumia ujumbe wa sauti mrefu. Alikuwa amekaa na mkewe wakapanga bei, naye alizisoma moja moja, polepole, kila moja akianza na neno "kuanzia": kitanda, meza ya kulia, kabati la milango mitatu kuanzia shilingi 850,000. Mwishoni akauliza kama inawezekana mtu akifungua tovuti asikie kwanza mlio wa randa, ili ajue kwamba hapa ni kwa mafundi. Nilimjibu kwamba bei zitaingia kesho kabla ya saa 6 mchana, na kwamba mlio wa randa, kwa heshima zote, hautaingia.