Kuna virusi tunavyovirithi kweli

Miezi miwili iliyopita nilikuwa zamu ya usiku, zahanati yetu iko kijiji cha ziwani huku kaskazini ya Kigoma mjini, na ilikuwa giza la mwezi kwa hiyo ukitoka nje unaona taa za wavuvi wa dagaa zimetapakaa ziwani utadhani kuna mji kule. Saa nane akaletwa dada mmoja na uchungu, mama mkwe wake kamsindikiza. Saa kumi na nusu kajifungua salama, mtoto wa kike, analia vizuri. (Nimeandika kwa ruhusa yake, na vitu vingine nimebadilisha asijulikane.)

Huyu dada anatumia ARV, dawa za VVU, tangu mimba iliyopita na hajaruka hata siku moja. Mama mkwe alipotoka kuchota maji akanivuta mkono akaniuliza kwa sauti ya chini, "Dada nesi, kwa hiyo na huyu amerithi?"

Hilo neno kurithi linaniumiza sana, nalisikia kila wiki. Mtoto harithi VVU. Anaweza kuambukizwa, tumboni, wakati wa kuzaliwa au kwenye kunyonya, na mama asipotumia dawa hatari ni kati ya asilimia 15 na 45, akitumia vizuri inashuka chini ya asilimia 5. Kurithi ni kitu kingine, ni kile kinachokuja ndani ya yai la mama au mbegu ya baba, kama rangi ya macho. Na VVU vinashambulia seli za kinga kwenye damu, havikai kwenye yai vikapita hivyo kizazi hadi kizazi.

Ila sasa, na hapa ndo mi nimezama toka siku ile, kuna virusi ambavyo kweli tumevirithi, mimi na wewe na yule mtoto na mama mkwe wake. VVU ni vya kundi linaloitwa retrovirusi, kazi yao ni moja, wakiingia kwenye seli wanageuza RNA yao (maandishi yao ya urithi) kuwa DNA, aina ya maandishi ya urithi tuliyo nayo sisi, halafu wanaichomeka katikati ya DNA yako, wanajiandika humo humo. Ndo maana dawa zinavilaza lakini haziviondoi, na kile kidonge cha siku hizi chenye dolutegravir kinazuia hatua hiyo hiyo ya kuchomeka. Zamani sana, mamilioni ya miaka kabla hatujawa watu, retrovirusi wengine walijichomeka kwenye seli zinazotengeneza yai au mbegu. Mtoto aliyetoka hapo akawa nao kwenye kila seli ya mwili, akawapa wanawe, nao wakawapa wao, mpaka leo. Jenomu ya binadamu, yaani DNA yake yote, iliposomwa mwaka 2001 ikaonekana mabaki yao ni kama asilimia 8 ya DNA yetu yote, wakati sehemu zinazotoa protini zetu wenyewe hazifiki hata asilimia 2! Karibu wote wameharibika, herufi zimefutika, hawawezi kumwambukiza mtu tena.

Na sokwe wa Gombe, hapo mitumbwi ya Kibirizi inapoelekea, wengi wa hawa virusi wa kale wanao, tena kwenye sehemu ile ile ya DNA tulipo nao sisi, maana walimwingia babu mmoja kabla hatujaachana. Kuna mmoja sokwe wanaye na sisi hatuna, huyo alikuja baada ya kuachana. Australia wale wanyama koala jambo hili linawatokea sasa hivi, wa kaskazini wanazaliwa na kirusi chao, wa kusini wengine bado hawana.

Nirudi labour. Mama mkwe karudi na ndoo, swali lake la kwanza halikuwa mtoto, ni "mwanangu, kondo limetoka lote?" Wazee wanajua kinachoua. Nikalitandaza kwenye beseni, upande uliokuwa umeshikana na mama ni mwekundu wa maini, una vipande vipande vimepakana kama mawe ya barabara, napitisha kidole kipande kwa kipande kuona kama kuna pengo, halafu nageuza upande wa mtoto unaong'aa na mishipa imetawanyika kutoka kwenye kitovu. Lote lilikuwepo, bibi akashusha pumzi, nikalipeleka shimo la kondo.

Hiki kitu nimekishika mara sijui ngapi kabla sijajua kwamba ngozi yake ya nje, ile inayogusana na damu ya mama, imetengenezwa kwa msaada wa kirusi. Ni seli nyingi zilizoungana zikawa kitu kimoja kisicho na mipaka katikati, chakula na hewa vinapita hapo kwenda kwa mtoto. Kinachoziunganisha ni protini inaitwa sinsitini, ilitambulika mwaka 2000, na jeni yake (kipande cha DNA chenye maelekezo ya kuitengeneza) ni ya retrovirusi wa kale, ni ile ile ambayo kirusi alikuwa anaitumia kujibandika kwenye seli ili aingie. Binadamu tunazo mbili za namna hiyo. Panya nao wana zao, walizipata kwa virusi wengine kabisa, na mwaka 2009 watafiti wa Ufaransa walipoizima moja vitoto vikafa tumboni. Nililisoma hilo usiku nikakaa muda mrefu bila kulala, nafikiria yale mabeseni yote.

Wiki ya sita dada alileta mtoto, nikamchoma kisigino, matone ya damu kwenye karatasi yakaenda maabara. Kipimo kile kinatafuta DNA ya VVU ndani ya seli za mtoto, kama vimeshajiandika. Juzi majibu yakarudi, havipo. Nikamwambia mama yake, akalia, halafu akaniuliza, "na wale wa zamani ulioniambia, anao?" Nikamwambia anao wote, kama wewe. Akamfunga mgongoni wakashuka ziwani.