Malaria hasi, homa ipo

Nafanya kazi maabara hapa Chake Chake. Kila msimu wa kupandikiza mpunga naletewa damu za wenye homa, na kwenye fomu pameandikwa neno moja tu: malaria. Kipimo kikitoka hasi, wengi hurudi makwao na dawa ya kutuliza maumivu. Linaniuma sana hili. Malaria imepungua mno visiwani kwetu, lakini homa bado zipo, na kila moja ina chanzo chake.

Ami yangu analima bonde upande wa Wete. Juzijuzi homa ilimshika ghafla, kichwa kinamgonga, macho mekundu, na tafu za miguu zinauma hata hataki ziguswe. Malaria hasi.

"Ami, bondeni unaingia miguu mitupu?"

"Mwanangu, nani anapandikiza mpunga na viatu?"

Tena kidoleni alikuwa na jeraha la jembe. Nikamsihi amweleze daktari yote hayo, na wale panya wa bondeni asiwasahau.

Nilikuwa naiwazia homa ya mgunda. Bakteria wake, leptospira, hutoka na mkojo wa panya, hata wa ng'ombe, wakakaa kwenye maji na tope, kisha wakamwingia mtu kwa mchubuko au machoni. Lindi mwaka 2022 waliugua watu 20, wakafariki 3. Wengine walitokwa na damu puani. Ikapimwa Ebola, ikapimwa Marburg, ikapimwa Uviko, zote hasi, ndipo ikajulikana ni mgunda.

Kumkamata mdudu huyu ni kazi. Ni mwembamba mno, kwa rangi na hadubini zetu za kawaida haonekani. Ukimwotesha, huchukua wiki kadhaa. Kwenye damu hupatikana zaidi wiki ya kwanza, baadaye huhamia kwenye mkojo. Kwa hiyo huchukuliwa damu mbili, ya mwanzo na ya baada ya wiki mbili hivi. Kingamwili, yaani kinga ambazo mwili hutengeneza dhidi ya mdudu huyu, zikipanda mara nne, hapo una ushahidi.

Yuko na mwengine wa maji na udongo wa nchi za joto, Chromobacterium violaceum. Ni nadra, ila akipenya jerahani anaweza kufika hadi ini, na penisilini kwa kawaida haimwezi. Huyu walau hujitangaza: huota kwa siku moja tu, sahani ikajaa zambarau. Lakini lazima usaha uletwe, na uletwe kabla mgonjwa hajaanza antibiotiki.

Daktari alimwanzishia ami doksisaikilini papo hapo bila kungoja majibu, na alifanya vyema. Homa imeshuka. Kupona huko hakuthibitishi mgunda, maana dawa ile huzuia bakteria wa aina nyingi. Damu ya mwanzo niliihifadhi kwenye friza, ya pili nimeitoa wiki hii, na zote zinavuka pamoja kwenda Bara kupimwa.

Mkuu wangu nimemwomba tuongeze mstari mmoja kwenye fomu: mwezi uliopita mgonjwa aliingia maji gani, na alikuwa na jeraha?