Mtihani wa chumvi

Nipo kijijini kwa mama, chini ya milima ya Uluguru, na juzi nilimsindikiza kwenye mafunzo ya wataalamu wa SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, kuhusu kuhifadhi mahindi. Nilitarajia hotuba ndefu na posho. Posho haikuwepo, na bado watu hawakuondoka.

Mtaalamu alichukua chupa kavu ya soda, akatia mahindi na chumvi kavu kidogo, akatikisa, akaiacha kama dakika 15. Chumvi ikinata pembeni mwa chupa, mahindi bado yana unyevu, yarudi juani kwenye turubai. Ukiyafungia hivyo unakaribisha kuvu, na sumukuvu haiondoki kwa kupika ugali. Kipimo chenyewe hakihitaji mashine wala umeme!

Kisha mifuko ya PICS, ya kuhifadhia nafaka bila kupitisha hewa: miwili ya nailoni ndani, kiroba nje. Ukikaza vizuri, dumuzi, wale wadudu wanaotoboa mahindi, wanamaliza hewa iliyomo na kufa wenyewe, bila dawa. Mzee mmoja akauliza, "Mwalimu, na panya je? Huyo anatoboa kutoka nje." Tulicheka, lakini swali hilo ndilo lililokula muda: mifuko ikae juu ya chaga, mbali na ukuta, ghala lifagiliwe. Bibi mmoja akaongeza habari za paka, na mtaalamu akaandika kwenye daftari lake. Hapo ndipo nikawaheshimu. Wangapi hutoka chuoni kuja kuandika maneno ya bibi?

Mama ameshaagiza mifuko. Bili imeletwa kwangu, "si wewe ndiye msomi?"