Siku moja maishani mwangu: kurudisha mikanda ya chuma ya urembo wa ubavuni kwenye gari la zamani

Saa mbili asubuhi. Kabla sijagusa gari navua saa, pete na mkanda wa suruali, vyote vinachora rangi. Hili gari la miaka ya 60 limepigwa rangi wiki sita zilizopita, tumeliacha makusudi likauke mpaka ndani maana rangi mbichi hata tepu inaibandua, mwenye gari akinihimiza kwenye hilo mi sikubali kabisa.

Saa tatu naosha bodi afu nakagua matundu ya klipu zinazoshika mikanda, na hapa ndo kazi yenyewe ilipo. Ukingo wa tundu mara nyingi ni bati tupu, maji yanaingia, kutu inaanza chini ya mkanda ambako huoni, ukija kushtuka rangi imeshavimba. Kwa hiyo kila ukingo naupaka praima, ile rangi ya kwanza ya chini, kwa kibrashi kidogo, ikikauka rangi, tundu kwa tundu, sina haraka.

Saa tano zinakauka, nashika mikanda. Kingo za nyuma zinakata kama wembe, napiga tupa laini na msasa afu napitisha kitambaa, kikinasa popote narudia.

Saa nane nabandika maskingi tepu juu na chini ya mstari unapokaa mkanda, safu mbili, kwenye kona za mlango tatu. Klipu naziweka na gundi ya kuzuia maji.

Saa tisa tunabonyeza, watu wawili. Mwaka jana nilifanya peke yangu, macho yote kwenye klipu ya mbele, kumbe ncha ya nyuma inakwaruza mlango, mstari mrefu mpaka kwenye bati, mlango mzima ukarudiwa rangi na iliniuma sana. Sasa ile ncha ya mbali lazima iwe mkononi mwa mtu. Naingiza ukingo wa juu kwanza, wa chini nausukuma kwa kiganja mpaka klipu iseme tak. Ikigoma sipigi nyundo, natoa naangalia, mara nyingi klipu imegeuka tu. Nati za mwisho nakaza kwa vidole na kuongeza kidogo sana, ukizidisha bati linabonyea.

Saa kumi na moja tunabandua tepu taratibu, tunaikunja kurudi nyuma, tochi inamulika kwa ubavu. Afu nafungua mlango polepole, mwenzangu kapiga magoti anaangalia ncha ya mkanda isiguse madigadi. Imepita, nafasi ya milimita kama tatu hivi.