Jinsi nilivyosimamisha utao wa diwani ya mzee wetu

Mimi ni msanifu kurasa hapa Ngamiani, Tanga, na ugonjwa wangu ni herufi. Mwenzangu akipokea kadi ya harusi hutazama tarehe. Mimi hutazama kwanza kama aliyeipanga ameipa herufi nafasi ya kupumua. Kwa hiyo mzee mmoja wa mtaani kwetu aliponiletea madaftari matatu ya mashairi yake, beti 412 zilizoandikwa kwa kalamu ya wino, nilikubali kabla hata hatujataja bei.

Rafiki yangu mwenye duka la kuchapa na kutoa nakala alinishauri hivi: "Weka Times pointi 12, nyoosha kulia na kushoto, kazi imekwisha." Ushauri huo bado unaniudhi. Times New Roman ni herufi nzuri, lakini ilitengenezwa kwa ajili ya gazeti la The Times la London, lililoanza kuitumia mwaka 1932, na ilikusudiwa habari nyingi zikae katika safu nyembamba. Shairi si habari. Shairi lina ukwapi na utao, yaani nusu ya kwanza na nusu ya pili ya kila mshororo, mizani (silabi) minane kwa minane, na ukiunyoosha mshororo pande zote mbili, kompyuta hutawanya nafasi kati ya maneno bila kujua pumzi ya mshairi iko wapi.

Nilichagua Garamond pointi 11, ambayo asili yake ni Paris ya karne ya 16 na ambayo ni nyembamba bila kuonekana imebanwa. Baskerville niliipenda zaidi, lakini kwenye karatasi ya A5 mishororo ilifurika.

Sasa nieleze ujinga wangu. Nilitaka utao wote uanzie mahali pamoja, ushuke kama nguzo katikati ya ukurasa, na njia niliyoitumia ni kubonyeza kitufe cha nafasi: mara tatu hapa, mara tisa pale, mpaka jicho liridhike. Ugumu ni kwamba mizani iliyo sawa sikioni haiko sawa kwenye rula. "Ulilia kila siku" ni mizani minane. "Mnyang'anywa mwenye shamba" nayo ni minane, lakini hii ya pili ni ndefu karibu mara mbili, kwa sababu herufi kama i na l ni sindano na herufi kama m na w ni magunia. Mishororo 1,648 niliisukuma hivyo kwa wiki mbili, usiku, huku nikijisifu. Kisha nikapeleka faili kwenye kiwanda cha uchapaji kama lilivyo, bila kuliweka katika PDF yenye herufi zake ndani. Mashine yao haikuwa na Garamond yangu, ikaazima herufi nyingine, na prufu, yaani nakala ya majaribio, iliporudi utao ulikuwa umeyumba huku na huku kama watu wanaotoka ngomani alfajiri. Mzee alijaribu kuimba ubeti wa kwanza, akakwama, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, hapa ulikuwa unasinzia?"

Dawa niliipata ndani ya ujinga uleule. Kwa kuwa mahali pekee palipokuwa na nafasi mbili au zaidi mfululizo ni kati ya ukwapi na utao, niliiamuru programu itafute nafasi hizo zote na kuweka tabo moja badala yake, yaani alama inayorusha maneno hadi mahali nilipopapima. Dakika chache tu, na wiki mbili za kubonyeza zikageuka kuwa alama za njia. Ili kujua tabo isimame wapi, nilinakili ukwapi wote wa shairi moja, nikaupanga kwa kuuegemeza kulia. Kipande kilichochomoza zaidi kushoto ndicho kirefu kuliko vyote, na tabo hukaa milimita nne mbele yake. Mwanzoni nilitumia kipimo kimoja kwa kitabu kizima, na mashairi yenye maneno membamba yakabaki na ziwa katikati. Sasa kila shairi lina kipimo chake. Shairi la mnyang'anywa lilikataa kuenea, nikalishusha hadi pointi 10 na nusu, na mpaka leo hakuna aliyegundua.

Dibaji, kwa kuwa ni nathari, ilileta vituko vyake. Programu ilikata maneno kwa kanuni za Kiingereza, ikaandika "kitan-" mwisho wa mstari na "da" chini yake, ilhali kila mtoto wa darasa la pili anajua silabi ni ki-ta-nda. Nilizima ukataji huo, nikakata kwa mkono.

Gharama yote, pamoja na prufu ya pili na nauli za bodaboda, ilikuwa laki nne na ushee kwa nakala mia moja. Mimi nililipwa nusu kwa fedha na nusu kwa gunia la machungwa ya Muheza, nami sikulalamika. Mzee alipopokea kitabu alikaa barazani, akaimba huku kidole kikifuata mshororo, na kila kidole kilipovuka ule uwazi wa katikati alivuta pumzi.

Yule rafiki wa Times alikuja juzi na risala ya harusi yenye beti sita, utao umesukumwa kwa kitufe cha nafasi. Nimemwambia aliache faili na arudi baada ya chai.